Maneno ya Sala Yasiwe Mbegu ya Njiani

Jua likishuka nyuma ya milima ya Marungu, na upepo wa ziwa ukianza kupanda mpaka Kirungu, jamaa nyingi za Kikristo hukusanyika kwa sala ya jioni. Mtoto wa miaka saba hufanya ishara ya msalaba, hufumba macho, na kusema Baba Yetu toka mwanzo hata mwisho bila kukosa neno moja. Wazazi wake wafurahi, na kufurahi ni haki yao, kwa maana kazi ya kufundisha sala ni kazi ya baba na mama kabla ya kuwa kazi ya katekista.

Lakini tumwulize mtoto yule maswali machache kwa upole. Kishawishi ni nini? Kuopoa ni kufanya nini? Neema ni kitu gani? Mara nyingi atanyamaza na kumtazama mama yake, mama naye atamtazama baba, na baba atasema, "Ndivyo tulivyofundishwa." Jawabu hilo si baya, lakini halitoshi.

Halitoshi kwa sababu Bwana wetu mwenyewe ametuonya. Katika mfano wa mpanzi, mbegu za kwanza zilianguka kando ya njia, ndege wakaja wakazila. Wanafunzi walipotaka kujua maana, Yesu aliwaeleza kwamba mbegu iliyoanguka njiani ni mtu alisikiaye neno asilielewe: yule Mwovu huja akalinyakua lililopandwa moyoni mwake. Someni sura ya 13 ya Injili ya Mathayo, mtaona. Hakusema kwamba mtu huyu ni mwizi au mlevi. Alisema tu kwamba amesikia bila kuelewa. Basi, neno la sala lililokaa kinywani pasipo kushuka moyoni lakaa njiani, na ndege wako tayari.

YESU ALISEMA KWA MANENO YA WATU WAKE

Bwana Yesu hakuwafundisha watu kwa lugha ya wenye elimu peke yao. Alisema Kiaramu, lugha iliyosemwa nyumbani na sokoni katika Galilaya. Injili ziliandikwa kwa Kigiriki, lakini waandishi wake walihifadhi maneno machache ya Kiaramu kama yalivyotoka kinywani mwake. Moja ndilo lililo zuri kupita yote: Abba, yaani Baba, jina ambalo mtoto humwitia baba yake nyumbani. Marko atuambia kwamba Yesu alilitumia usiku ule wa uchungu katika shamba la Gethsemane.

Tena alipotaka kueleza mambo ya mbinguni, alichukua vitu vilivyokuwa mikononi mwa wasikilizaji wake: mbegu, chachu, taa, wavu, kondoo aliyepotea, sarafu iliyoanguka ndani ya nyumba, deni lisilolipika. Kiswahili chaita mafundisho ya namna hii "mifano", na neno hili lina ukoo mmoja na kufanana: jambo lisiloonekana lafananishwa na jambo linaloonekana. Katika Kiebrania neno "mashal" lataja mfano, na methali, na hata fumbo. Wazee wetu hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Mzee anapotaka kumwonya kijana mbele za watu, hamtaji jina. Husema methali, na mwenye masikio husikia.

Kwa hiyo lugha ya mifano si ngeni katika nchi yetu. Mara nyingi neno moja moja ndilo lililo geni. Na ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kukumbuka njia ambayo maneno hayo yalipitia mpaka kufika Kirungu.

JINSI MANENO YALIVYOFIKA KWETU

Mwaka 1868, huko Algiers, Askofu Mkuu Lavigerie aliunda chama cha Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kwa jina la Mapadri Weupe. Aliwapa sheria kali: wajifunze lugha ya watu wanaoishi nao, na kwa muda mfupi wawe wanasema lugha hiyo hata wao kwa wao. Mwaka 1885 mapadri hao walipokea kituo cha Mpala, ukingoni mwa ziwa Tanganyika, kilichokuwa kimejengwa na Mbelgiji Émile Storms. Mwaka 1893 wakaanzisha misioni ya Kirungu, iliyoitwa Baudouinville zamani za wakoloni. Hapo ndipo Askofu Victor Roelens alipoongoza Kanisa la Kongo ya Juu kwa miaka mingi.

Watu wa nchi hii, Batabwa, wana lugha yao, Kitabwa, ambayo ni jirani ya Kibemba. Lakini Kiswahili kilikuwa kimekwisha fika kabla ya mapadri, kwa misafara ya biashara iliyovuka ziwa kutoka Ujiji. Tena katika vituo vya misioni walikusanyika watu wa makabila mengi, wengi wao wakiwa wametolewa utumwani, wasioelewana kwa lugha za mama zao. Kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya shule, ya katekisimu na ya sala.

Nacho kilikuja na mzigo wake kutoka pwani. Maneno kama sala, imani, dhambi, toba, rehema, neema, roho, malaika na msalaba yametoka katika Kiarabu. Padri ni neno la Wareno. Sakramenti na misa yametoka katika Kilatini. Injili limetoka katika Kigiriki, likapitia Kiarabu. Mtoto wa Kirungu anaposali, midomo yake yabeba mizigo ya bandari nyingi. Si aibu hata kidogo; ndivyo Kanisa la Mungu lilivyo, jamaa moja ya mataifa yote. Lakini mgeni aingiapo nyumbani hupewa kiti na kuulizwa habari zake. Hasimamishwi mlangoni miaka mingi bila kujulikana.

Na jina la Mungu mwenyewe? Batabwa wamemwita Leza tangu zamani za mababu. Kiswahili chamwita Mungu. Bibi asemaye "Leza" anapoomboleza, na mjukuu asemaye "Mungu" kanisani, hawaombi miungu miwili. Tutazame majirani zetu wa Rwanda: wamisionari wa kwanza walileta kule jina la Mungu kutoka Kiswahili, wakifikiri kwamba jina la kienyeji, Imana, halikufaa, baadaye Kanisa lilikubali Imana, na leo Wakristo wa Rwanda wamwomba kwa jina hilo bila hofu. Tusimcheke basi mzee anayemwita Muumba kwa jina alilolisikia kwa mama yake.

Aliyelijua jambo hili vema ni mwana wa nchi hii, Padri Stefano Kaoze. Alipokuwa bado mseminari, maandiko yake juu ya fikira na desturi za Wabantu yalichapwa kwa Kifaransa katika gazeti moja la Ubelgiji, miaka ya 1910 na 1911. Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri, akawa Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kuupokea. Alijua Kilatini cha altare na Kifaransa cha vitabu, lakini aliwatangazia wasomaji wa Ulaya kwamba watu wake wana fikira zao. Hakuiona elimu kuwa sababu ya kuisahau lugha ya nyumbani.

MKOMBOZI, NA YULE AOPOAYE

Sasa tuyachukue maneno machache, tuyaweke mkononi na kuyageuza kama mtu ageuzavyo mbegu kabla ya kupanda.

Twamwita Yesu Mkombozi. Kukomboa ni kutoa mali ili kurudisha kilichowekwa rehani, au kumtoa mtu aliyefungwa. Wakristo wa kwanza wa Mpala na Kirungu hawakuhitaji kamusi kwa neno hili. Katika miaka ile ya 1880 na 1890 wawinda watumwa walikuwa wakiichoma Marungu, wakipeleka mateka ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1888 Lavigerie, aliyekuwa sasa Kardinali, alizunguka miji ya Ulaya akihubiri juu ya maovu hayo. Mwaka mmoja kabla yake, Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuwa amefika kuwalinda watu wa pwani hii. Alikaa nao mpaka kufa kwake mwaka 1927. Na mapadri waliwakomboa watoto kwa mali. Mtoto aliyehesabiwa bei, akaona mali ikitolewa mbele ya macho yake, kisha akaambiwa, "Nenda, u huru," huyo aliposikia kwamba Kristo ni Mkombozi wake alitetemeka. Sisi twalitamka jina hilo kama jina la barabara. Wazazi, waambieni watoto neno hili lilikuwa na maana gani kwa babu wa babu zao.

Neno la pili ni lile la mwisho wa Baba Yetu, kama linavyosaliwa na Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki: "utuopoe". Kuopoa ni kukitoa kitu kilichozama majini. Ndoo iliyokatika kamba huopolewa kisimani. Mtu aliyeanguka kutoka mtumbwini huopolewa kabla hajameza maji mengi. Watu wa Moba, chini ya Kirungu, waishio na ziwa lenye kina kirefu kupita maziwa yote ya Afrika, wanajua kwamba anayezama hawezi kujivuta kwa nywele zake mwenyewe. Lazima mkono mwingine utoke juu. Basi sala yetu yasema hivi: Ee Baba, maovu ni maji, nami nimo ndani, nyosha mkono. Mtoto aliyeelewa hivi hatalisema neno hilo kwa kusinzia tena.

Na neema? Wakulima husema "mwaka wa neema" wakati mvua imenyesha vizuri na ghala zimejaa. Neema ni wingi usionunuliwa, mema yanayotoka kwa mkono wa mwingine. Twasema kwamba Bikira Maria amejaa neema, yaani kwake hapakuwa na kona iliyobaki tupu. Tena sala yake yaanza kwa salamu. Kwetu mtoto apitaye mbele ya wazee bila kuwaamkia amekosa adabu. Malaika Gabrieli hakukosa adabu hiyo.

MKATE, DENI NA KISHAWISHI

Watoto huuliza, "Kwa nini twaomba mkate, nasi twala ugali?" Tusiwakemee, swali ni zuri. Katika lugha ya Wayahudi, mkate, "lehem", ulikuwa jina la chakula chenyewe. Neno hilo lina ndugu katika Kiarabu, "lahm", na huko lina maana ya nyama, kwa kuwa kila taifa huita chakula kwa jina la kile linachokitegemea. Bethlehemu maana yake ni Nyumba ya Mkate. Kwa hiyo yule mwenye ugali wa mihogo na dagaa mezani ameupata mkate anaouomba. Lakini tusilifute neno "mkate" katika sala, kwa maana lina maana nyingine tena: Ekaristi, ambayo Kanisa huiadhimisha kwa mkate wa ngano. Neno moja latuonyesha sahani na altare.

Kisha twaomba kusamehewa makosa. Katika Injili ya Mathayo neno la Kigiriki ni "madeni". Hapo ndipo unapoonekana undugu wa sala na mfano, kwa maana katika sura ya 18 Yesu asimulia habari ya mtumwa aliyekuwa na deni la talanta 10,000 kwa mfalme wake. Tupige hesabu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja. Deni lile, basi, lilikuwa mshahara wa siku 60,000,000. Mtu afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angelilipa kwa miaka 200,000! Mfalme akalifuta lote. Mtumwa yule alipotoka akamkuta mwenziwe anayedaiwa dinari 100, mshahara wa siku 100, akamkaba koo. Baba mwenye nyumba akiwapigia watoto hesabu hii, na kisha akikumbuka kwamba hajasema na ndugu yake miaka miwili kwa ajili ya mpaka wa shamba, je, atathubutu kumaliza sala yake kabla hajafikiri?

Neno la tatu ni kishawishi. Kushawishi ni kumvuta mtu kwa maneno au kwa uzuri wa kitu mpaka akubali. Kijana humshawishi mwenzake kuiba. Chupa humshawishi mlevi. Lakini wengine hutatizwa: je, Mungu ndiye anayetutia katika kishawishi? Mtakatifu Yakobo amekwisha jibu katika waraka wake: Mungu hamjaribu mtu yeyote. Ugumu huu si wa Waswahili peke yao. Ufaransa, tarehe 3 Desemba 2017, maaskofu walianza kutumia maneno mapya yaliyo karibu na kusema "usituache tuingie". Italia nayo ilibadili maneno katika kitabu chake cha Misa mwaka 2020. Ikiwa mataifa yenye vitabu vingi namna hiyo yatafuta bado neno lililo sawa, sisi tusione haya kuuliza. Maana yake ni hii: mtoto atembeaye kando ya maji yenye kina ampa baba yake mkono, asije akateleza; na kama ameteleza, basi aopolewe.

MIFANO SHAMBANI NA ZIWANI

Wakulima wa mahindi husikia habari ya mpanzi wakashangaa: ni mjinga gani amwagaye mbegu njiani? Wao hupiga shimo kwa jembe na kuweka punje mbili tatu. Lakini mwenye kupanda ulezi ajua: mbegu zile ndogo humwagwa kwa mkono, nazo hazichagui mahali pa kuangukia. Ndivyo walivyopanda ngano huko Palestina. Mweleze mtoto kwa ulezi, naye ataona.

Haradali haijulikani sana huku. Tusilibadili neno la Injili, lakini katika kulieleza tuutumie mkuyu: mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na mti wake huwapa ndege mahali pa kujenga viota. Chachu nayo haina shida; mama anayejua jinsi uji unavyochachuka usiku, pasipo mtu kuona, amekwisha elewa jinsi Ufalme wa Mungu unavyofanya kazi.

Na mfano wa wavu? Huo ni kama ulitolewa ufukweni pa Moba. Wavuvi huuvuta wavu mpaka nchi kavu, wakaketi, wakakusanya samaki wema vyomboni na kuwatupa wabaya. Sikilizeni neno lile dogo, "wakaketi". Uchaguzi haufanywi wavu ungali majini. Anayetaka kuwatenga wema na wabaya katika kijiji chake leo, aukumbuke wavu huo: saa ya kuketi bado, na mwenye kuketi si yeye.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Mtaguso wa pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, ulifungua njia ili lugha za watu zitumike zaidi katika liturujia. Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, jina la nchi yetu wakati ule, ambamo twawakumbuka pia wahenga wenye moyo safi. Kanisa limefanya sehemu yake, likatupa sala kwa lugha tunayoisikia. Lakini kusikia siko kuelewa, na sehemu iliyobaki yafanyika chini ya dari la nyumba.

Wengine watasema, "Bibi yangu alisali Rozari miaka sitini bila kujua maana ya maneno yote, naye alikuwa mtakatifu kuliko sisi." Ni kweli, na Mungu husoma moyo kabla ya midomo. Lakini bibi yule aliweka ndani ya maneno yale njaa yake, watoto aliowazika, na shukrani yake. Maneno hayakuwa matupu kwake. Mjukuu wake hajapata mateso hayo. Asipopewa maana, amepewa ganda tu. Naye akiwa kijana huko Kalemie au Lubumbashi, akisikia mahali pengine watu wanaosali kwa maneno ya kila siku, atalitupa ganda lile bila kujua kwamba kokwa ilikuwamo.

Basi, fanyeni jambo moja jepesi. Kila juma chagueni neno moja la sala. Jumapili jioni, kabla ya ishara ya msalaba, baba aulize, "Neno hili lina maana gani?" Watoto wajaribu kwanza. Mama aongeze. Babu na bibi watoe neno la Kitabwa, au la lugha yao nyingine, linalolingana nalo. Wote wakishindwa, mmoja amwulize katekista, na mwenye kuuliza asichekwe. Kisha salini sala ile ile kwa maneno yale yale ya Kanisa, polepole, bila kuongeza wala kupunguza. Mwishoni mwacheni mtoto aseme jambo moja kwa Mungu kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha yoyote anayoota ndoto nayo.

Majuma hamsini na mawili yatapita, na jamaa itakuwa na maneno hamsini na mawili yaliyoota mizizi. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba kanisani alipenda kusema maneno matano yenye kueleweka kuliko maneno elfu kumi yasiyoeleweka. Sisi hatuombwi hata hayo matano kwa siku moja. Twaombwa moja kwa juma, tena tulifukie vema udongoni, ndege wapite juu wasilione.